Nauziwa mashine ya moldi iliyotumika, vichwa vitano, milioni 46. Nikague nini kabla sijatoa hela?

MarandaMoro

Wakuu, habari za kazi.

Nina karakana Kihonda, Morogoro. Tuko wanne: mimi, vijana wawili na baba mdogo ambaye ndiye aliyenifundisha hii kazi. Tunatengeneza fremu, skating (mbao za kuzunguka chini ya ukuta), akitrevu (za kuzunguka fremu ya mlango) na mbao za dari zile za kuchomekana. Mbao zetu ni mtiki wa Mtibwa na paini ya Mafinga, mninga mara mojamoja mteja akiwa na hela zake.

Mashine nilizonazo ni msumeno wa meza, plena ya kunyoosha ubao, thiknesa ya inchi 12 ya kusawazisha unene, na spindo moja kongwe ya kuchonga umbo. Skating moja inapita mara nne: plena uso, plena ubavu, thiknesa, ndipo iende spindo. Ikija oda ya nyumba nzima, kama futi 1,200, siku tatu zinakwisha watu wanasukuma mbao kwa tumbo. Halafu hiyo spindo siipendi. Kichwa chake ni kile cha zamani cha pembe nne, visu vinabanwa kwa bolti, na mwaka 2017 ilimla baba mdogo ncha za vidole viwili. Tangu hapo akimwona kijana anaisogelea anaacha anachofanya, anakwenda kusimama nyuma yake kimya mpaka amalize.

Sasa wiki iliyopita dalali kanipeleka godauni moja Vingunguti, Dar. Kuna mashine ya kijani, ya Taiwan, vichwa vitano vya visu vinavyozunguka, inapitisha upana wa inchi 9. Ubao unaingia haujarandwa upande huu unatoka skating upande wa pili. Ilikuja kwenye kontena kutoka Marekani. Muuzaji kawasha kichwa kimoja kimoja, kila kimoja kama dakika moja, zikalia vizuri. Anasema beringi zote mpya. Bei 46, mwisho 44.

Mkononi nina 31, nyingine nakopa saccos. Dalali ananipigia kila asubuhi kabla sijapiga mswaki, ananiambia kuna mtu wa Kigamboni ameshakuja na hela yote.

Naomba waliowahi kununua mashine ya namna hii iliyotumika waniambie cha kuangalia. Mimi spindo naijua, hii ya vichwa vitano sijawahi kuimiliki. Natanguliza shukrani.

ChizeliButu

Huyo mtu wa Kigamboni namfahamu. Mwaka jana alikuwa anagombania gari yangu, na kabla ya hapo kiwanja cha shemeji yangu. Ana hela sana, ila hajawahi kununua kitu.

UmemeTatu

Mkuu, umeandika habari ndefu nzuri lakini kitu cha kwanza hukukiandika. Kibati cha mota kinasemaje? Kila mota ina kibati chake. Nataka volti, hezi, hospawa na mzunguko kwa dakika. Mashine iliyotoka Marekani ukiifunga hapa bila kusoma kibati, unaweza kuwa umenunua meza nzito sana ya kuwekea chai.

MarandaMoro

Nashukuru mkuu. Nimemtuma kijana wa dada yangu anayekaa Tabata akapige picha. Vibati vinasomeka: 230/460 V, hezi 60, mzunguko 3450. Vichwa vinne ni hospawa 7.5 kila kimoja, kichwa cha juu ni 10, na mota ya kuvuta mbao ni 5. Nilimuuliza muuzaji habari ya hezi, akasema hezi si shida, umeme ni umeme.

UmemeTatu

Umeme si umeme. Lakini pia usikimbie, kwa sababu hapa una bahati.

Sisi tuna 400 V hezi 50. Mota ikiwa imefungwa kwenye 460 kwa hezi 60, ukigawanya volti kwa hezi unapata kama 7.7. Sisi 400 kwa 50 ni 8. Zinakaribiana, kwa hiyo mota haitaungua, waya zake ziachwe kwenye upande ule wa 460. Akitokea fundi akakwambia azifunge upande wa 230, mfukuze.

Hasara yako iko kwenye kasi. Hezi zikishuka kutoka 60 kuja 50, kila kinachozunguka kinapoteza sehemu moja ya sita. Mota ya 3450 itazunguka kama 2875. Vichwa vya mashine hizi kwa kawaida ni mzunguko 6,000, vyako vitakuwa 5,000. Na nguvu nayo inashuka vilevile, ile 7.5 ihesabu kama 6 na kidogo. Kasi unaweza kuirudisha kwa kubadilisha puli. Nguvu hairudi, hiyo uikubali tu na upunguze unachong'oa kwa mpito mmoja.

Fungua pia kabati la swichi. Ndani kutakuwa na transfoma ndogo inayotoka 460 kwenda 120 ya kontakta, zile swichi za sumaku zinazowasha mota. Ukiipa 400 itatoa kama 104, na jioni umeme wa Kihonda ukilegea, kontakta zitaanza kugongagonga kama meno ya mtu mwenye homa. Weka transfoma nyingine inayopokea 400. Ni hela ndogo ukilinganisha na mota.

Jumla yako ni hospawa 45, kama kilowati 33 kwenye kibati. Ongeza mashine ya kuvuta maranda. Una kebo ya ngapi kutoka kwenye mita?

MarandaMoro

Fezi tatu ninayo. Kebo ni milimita 10.

UmemeTatu

Ile ni ya thiknesa na msumeno. Kwa hii 16 ni ya kubana, weka 25, na uende TANESCO mapema uulize kama laini yako inabeba, usisubiri mashine imeshashushwa. Vichwa viwashwe kimoja baada ya kingine, kamwe visiwashwe pamoja.

Kariobangi_Mbao

Niko Nairobi, nimefuata hii mada tangu jana. Boss, shukuru hiyo yako ni ya 460. Mimi nilinunua moja iliyotoka Japan, vichwa vinne, safi kabisa, bei ya kutupa. Kumbe ni 200 V fezi tatu. Huku kwetu ni 415. Mota za 200 huwezi kuzibadilisha waya ukapata 415, ilibidi ninunue transfoma kubwa ya mashine nzima. Ilikaa miezi minne chini ya turubai nikitafuta pesa ya transfoma, na kila mteja akiingia anauliza, hiyo ni nini? Nikasema ni tenki.

Swali langu ni lingine. Spindo zake, yaani vile vyuma vya kuzunguka vinavyobeba vichwa, ni unene gani? Maana vichwa vya visu lazima viingie hapo. Za Ulaya nyingi ni milimita 40. Za Marekani nyingi ni inchi 1 na 13/16, yaani milimita 46. Ukipata visu vya mtumba kutoka Ujerumani havitaingia kwa hiyo yako. Uliza kama inauzwa na vichwa vyake vyote, na uvihesabu kwa mkono wako.

MzeeWaFITI

Kijana, nimesoma maelezo yako taratibu. Mimi nilipita Chuo cha Viwanda vya Misitu kule Moshi miaka mingi iliyopita, na mashine za aina hii nimezifanyia kazi kwenye viwanda viwili. Wenzangu wameongea umeme vizuri, sitarudia.

Kuwasha kichwa dakika moja si kukagua. Beringi mbovu iliyopakwa grisi mpya italia vizuri dakika moja, hata tano. Nenda siku ambayo huna haraka, mwambie awashe kichwa kimoja kizunguke robo saa nzima, kisha uzime na uweke kiganja kwenye nyumba ya beringi. Ikiwa ya vuguvugu na mkono unakaa, sawa. Ukiurusha mkono, hiyo imekwisha. Fanya hivyo kwa vyote vitano. Muuzaji akikasirika, huo nao ni ukaguzi.

Kisha uzime umeme kwenye swichi kuu, utie kufuli, ufunguo ukae mfukoni kwako. Azima dayo geji, ile saa ya kupimia yenye sindano, kwa fundi wa mashine. Isimamishe kwenye meza, mguso wake uguse spindo, uzungushe kwa mkono polepole. Sindano isicheze zaidi ya milimita 0.02. Halafu ishike spindo uisukume na kuivuta kwa nguvu, uone kama inatembea kwenda juu na chini. Maneno ya "beringi mpya" yatajulikana hapo. Na akikuambia kweli alibadilisha, muulize aliweka beringi gani. Spindo ya mzunguko 6,000 inataka beringi za kasi zilizopimwa kwa jozi. Nimewahi kukuta mtu kaweka za pampu ya maji.

Chukua mbao zako mwenyewe kutoka Kihonda. Usikubali kujaribiwa kwa kipande cha paini cha muuzaji, kilaini, kifupi. Beba mtiki, vipande vitatu vya mita 2, vilivyokauka. Ukishapitisha, ziangalie mwisho wake: kama sentimita kumi za mwisho zimeumwa zaidi kidogo kuliko sehemu nyingine, meza iliyo baada ya kichwa cha kwanza cha chini haiko sawa na visu. Hilo likiwa ni la kurekebisha kwa skrubu, vizuri. Likiwa ni meza imelika na kufanya bonde, hapo umenunua tatizo. Weka rula ya chuma juu ya meza, umulike tochi upande wa pili, utazame mwanga unapita wapi. Meza hizi hulika mbele ya fensi, ule ukingo wa kuegemeza ubao, pale ambapo maelfu ya mbao yamepita.

Zipo pia roli za kuvutia mbao. Zinaendeshwa na gia na vishafti vyenye viungo kama vya propela ya gari, vidogo. Vitikise kimoja kimoja. Angalia mafuta chini ya sanduku la gia.

Sasa visu. Mtiki una mchanga ndani yake, si maneno ya mafundi, mti wenyewe unafyonza silika ardhini. Visu vya haispidi, vile vya chuma cha kawaida cha visu vya mashine, kwenye mtiki vinakufa mapema sana, kwenye paini vinadumu. Kwa kazi ndefu ya mtiki utahitaji visu vya kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi. Na kila umbo jipya la skating linataka visu vyake, na kila kisu kikiisha makali kinarudi kunolewa kikiwa na umbo lilelile. Je, unanoa na nini? Mashine hizi huuzwa pamoja na dada yake, mashine ya kunolea visu kwa kufuata patani, yaani kielelezo cha umbo. Asiyekuwa nayo anatuma visu Dar kila wiki, na siku hiyo mashine ya milioni 46 imelala. Mimi ningeulizia kinoleo kabla ya kuulizia mashine.

ChizeliButu

Mzee, "muuzaji akikasirika, huo nao ni ukaguzi" naiandika ukutani.

MamaFremu_Mafinga

Habari zenu. Mimi nina kiwanda kidogo huku Mafinga, napiga mbao za dari na skating za paini, na mashine yangu ni ya vichwa vinne. Niliinunua imetumika, kwa hiyo naongea nikiwa nimeumia.

Mdogo wangu, umesema oda kubwa kwako ni futi 1,200 na unaimaliza kwa siku tatu. Futi 1,200 ni mita 366. Mashine hii hata ukiiendesha pole, mita 8 kwa dakika, hizo mita 366 zinaisha kwa dakika 46. Soma tena. Siku zako tatu ni dakika 46.

Utasema ndiyo maana unaitaka. Sawa, lakini oda kama hiyo unapata ngapi kwa mwezi? Hukusema. Ukiwa na mbili, basi mashine ya kukopea saccos inafanya kazi saa moja na nusu kwa mwezi, siku nyingine zote unaifuta vumbi. Mkopo haufutiki na vumbi.

Na zile dakika 46 si zote. Kupanga visu vya umbo moja, kusawazisha fensi, kupitisha mbao za kujaribia, kwa asiyezoea ni saa nzima au mbili. Ukibadilisha kutoka skating kwenda mbao za dari unaanza upya. Kwa hiyo mashine hii inapenda kazi ndefu ya umbo moja. Mteja wa futi 60 za akitrevu ya maua ataendelea kuwa wa spindo, usiiuze.

Mimi niliokolewa na kupiga kazi za wengine. Wenye mbao wanaleta, napitisha, nawatoza kwa futi. Mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya hela yangu ilitoka huko, haikutoka kwenye bidhaa zangu. Kwa hiyo kabla hujaenda Vingunguti tena, zunguka Morogoro mjini, Msamvu, Mazimbu, hata Mzumbe, uulize karakana zinazosukuma mbao kwa tumbo kama wewe. Waulize wangekuletea futi ngapi kwa mwezi, na kwa bei gani. Uandike. Ukipata jibu zuri, 44 si kubwa. Ukipata kimya, hata 20 ni kubwa.

MarandaMoro

Dada, umenivunja moyo kidogo, nisiseme uongo. Nilikuwa nimeshafikiria mpaka mahali pa kuiweka.

Oda kubwa kwa kweli ni mbili, mwezi mzuri tatu. Nyingine ni vipande vipande. Lakini kuna kitu hesabu yako haikugusa. Baba mdogo ana miaka 64. Siwezi kumwekea bei ya kusimama nyuma ya vijana kila siku.

MamaFremu_Mafinga

Nimeielewa, na ni sababu nzuri kuliko zote ulizoandika. Ila kama ni vidole, kuna njia ya bei rahisi ya kuanzia leo. Hicho kichwa cha pembe nne kitoe, kiwe chuma chakavu. Nunua kichwa cha duara cha kisasa chenye vizuizi mbele ya kila kisu, ambacho hata mkono ukiteleza hakimezi mkono mzima, na uifungie spindo yako roli ndogo za kusukuma mbao zenyewe. Hiyo haifiki hata milioni tano. Fanya hilo kwanza hata kama mashine kubwa utainunua.

UmemeTatu

Naunga mkono. Na breki ya spindo, mota ikizimwa isimame haraka.

VumbiLaMninga

Wote mmeongea vidole, hakuna aliyeongea mapafu. Mashine ya vichwa vitano inatema maranda kama trekta, na kila kichwa kina mdomo wake wa bomba. Bila mashine ya kuvuta, ndani ya nusu saa roli zimeziba na hamwonani. Vumbi la mbao ngumu shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka kundi la kwanza, lile la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Na la mninga linawabana kifua watu wengi, mimi mmojawapo, jina langu hapa si utani. Bajeti ya kuvuta vumbi iingie kwenye bei ya mashine.

Kariobangi_Mbao

Na maranda ya paini uuze kwa wafuga kuku. Mimi hununuliwa gunia zote kabla ya Ijumaa. Ya mtiki na mninga weka kando, usichanganye.

MarandaMoro

Wakuu, narudi na mrejesho. Samahani kwa kimya cha siku tisa.

Nilianza na ushauri wa Mama Fremu. Nimezunguka karakana kumi na moja kwa pikipiki. Nne walinicheka. Wawili walisema watakuja wakiona. Watano walikubali kutaja futi, na nikiwakata nusu kwa sababu watu huahidi zaidi ya wanavyoleta, napata kama futi 5,000 kwa mwezi juu ya zangu. Mmoja anatengeneza milango na amechoka kupeleka mbao Dar kupigwa.

Jumamosi nikaenda Vingunguti na baba mdogo, mbao tatu za mtiki juu ya keria ya basi, na dayo geji ya kuazima. Muuzaji alipoiona ile saa uso ukabadilika. Alipoona naweka kufuli kwenye swichi akaniuliza kama nimetumwa na TRA.

Kichwa cha kwanza cha chini 0.02. Cha kulia 0.02. Cha juu 0.03. Cha mwisho cha chini 0.02. Cha kushoto sindano ikaruka mpaka 0.09, na ukikishika kinatikisika hata bila saa. Tukaviwasha robo saa kila kimoja. Hicho cha kushoto baba mdogo aliweka kiganja akakitoa bila kusema neno, akanitazama tu. Muuzaji akasema hicho ndicho walichokisahau.

Meza iko sawa, mwanga haupiti. Mtiki ulitoka vizuri, mwisho umeumwa kidogo sana, tukarekebisha palepale kwa skrubu ukatoka safi. Spindo ni za inchi 1 na 13/16 kama alivyosema ndugu wa Kariobangi. Vichwa vya visu viko saba, nimevihesabu kwa mkono.

Halafu nikauliza kinoleo. Muuzaji akasema hana, hajui. Baba mdogo huyo, wakati sisi tunabishana, akawa anazungukazunguka godauni kama mtu anayetafuta choo. Akaniita. Kwenye kona, chini ya turubai na matairi mawili ya lori, kuna mashine ndogo ya kijani rangi ileile, ina jiwe la kunolea, mkono wa kushikia kisu na kipini cha kufuata patani. Ilikuja kwenye kontena moja na mwenzake. Muuzaji alikuwa anaihesabu chuma chakavu, akasema kama tunataka hicho kidude tuongeze laki nane.

Nilijitahidi uso usibadilike. Nikabishania laki nane kwa dakika ishirini, nikamwambia ni nyingi, aitoe bure. Tukaishia laki tano. Kisha nikarudi kwenye mashine, nikamwekea kichwa cha kushoto mezani, hezi 60 mezani, transfoma mezani. Akashuka 38. Dalali akaanza habari ya Kigamboni, nikamwambia basi ampigie simu aje sasa hivi tumwone. Akanyamaza. Tumemaliza 36 na nusu, kinoleo ndani yake, na yeye anapakia kwa foklifti yake. Risiti ya EFD nimepata, na nakala ya tansad, ile hati ya forodha, namba ya aina ya bidhaa inaanza 8465 kama inavyotakiwa kwa mashine za mbao.

Kichwa cha pembe nne tumekitoa kwenye spindo jana. Baba mdogo alikitupa mwenyewe kwenye pipa la vyuma.

Sasa nina swali la mwisho. Puli za mota nimezipima, kipenyo milimita 150, za spindo 86. Niweke ngapi?

UmemeTatu

Hongera mkuu. 150 zidisha kwa 6 gawanya kwa 5, unapata 180. Puli ya spindo usiiguse, iache 86. Mota ya 2875 kwa 180 juu ya 86 inakupa 6,017, kasi ileile iliyokuwa nayo Marekani. Angalia kasi ya juu iliyogongwa kwenye vichwa vya visu, usiizidi.

Belti zitakuwa fupi kwa kama sentimita 5. Sogeza mota karibu na spindo kwanza, nafasi ikiisha ndipo ununue ndefu, na zinunuliwe seti moja zote.

Na puli zichongwe SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, au kwa fundi mwenye lathe ya uhakika, ziwekwe balansi. Usichukue za kumimina za mtaani. Kwa kasi hiyo ikiyumba gramu chache tu, utarudi hapa kuuliza tena habari ya beringi.

MarandaMoro

180. Nimeandika. Lori limepita Chalinze sasa hivi, baba mdogo amekaa mbele na dereva, kinoleo kakifunga kwa kamba yake mwenyewe. Hakuniamini.